Jalada la watoto, jalada la wakubwa: ninunue kipi?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, yuko P6, yaani darasa la sita, na amenisumbua muda mrefu nimnunulie kitabu cha kwanza cha Harry Potter. Nilipofika Kampala nikakuta viwili dukani. Kimoja kina mchoro wa rangi wa mtoto mwenye miwani, kingine ni cheusi, kimetulia, hakina mtoto. Muuzaji akasema cheusi ni cha watu wazima. Nikashtuka, nikaviacha vyote nikarudi Jinja mikono mitupu. Tangu lini hadithi ya watoto ikawa na toleo la wakubwa? Kuna mambo ya chumbani yameongezwa humo? Au Kiingereza chake ni kigumu zaidi? Kaka yake yuko S3, yaani kidato cha tatu, shule ya bweni, naye anasema hawezi kuonekana na kile cha mchoro mbele ya wenzake. Juu ya hayo, shemeji yangu aliyeko Boston ametutumia kingine chenye jina tofauti. Ninunue kipi? Na je, kitabu chochote chenye jalada la watoto naweza kukiamini kwamba kinamfaa mtoto?"

Dada, nianze na lile lililokurudisha Jinja mikono mitupu. Hakuna sentensi hata moja iliyoongezwa katika kile cheusi. Hakuna mambo ya chumbani, hakuna matusi ambayo watoto wamefichwa, wala Kiingereza chake hakikupandishwa daraja. Bloomsbury ya London, wachapishaji wa vyote viwili, waliyachukua maandishi yale yale wakayavalisha majalada mawili. Muuzaji wako hakusema uongo, ila alikuachia nusu ya maelezo: kile cheusi kimetengenezwa ili mtu mzima akinunue bila kusita. Waliofikiriwa ni wanunuzi. Hadithi haikuguswa.

Kitabu hicho kilitoka Uingereza mwezi Juni 1997, na chapa ya kwanza ya jalada gumu ilikuwa nakala 500 tu. Jalada lilichorwa na Thomas Taylor: mvulana mwenye miwani, nyuma yake treni jekundu la moshi. Hadithi ikawanogea wazazi kama ilivyowanogea watoto, lakini mtu aliyevaa suti na tai akielekea kazini hakupenda kuonekana ameshika kitabu chenye katuni. Mwaka 1998 Bloomsbury wakatoa kitabu kile kile kikiwa na picha ya kamera ya treni la moshi, nyeusi na nyeupe. Treni limebaki, mtoto ameondolewa. Majalada ya aina zote mbili yamebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, ndiyo maana huenda uliyoyaona wewe hayafanani na haya ninayoyataja.

Aibu ya abiria ni sababu moja. Sababu nyingine, ambayo kwa mfanyabiashara ina uzito zaidi, ni rafu. Katika maduka makubwa ya vitabu ya Ulaya na Marekani, vitabu vya watoto vina pembe yao, na mtu mzima asiye na mtoto hapiti huko. Ukiwa na jalada la pili, kitabu kile kile unakiweka sehemu mbili za duka, na wateja wawili tofauti wanakiona. Mpaka huo kati ya rafu ulikuwa na uzito kiasi kwamba mwezi Julai 2000 gazeti la The New York Times lilianzisha orodha ya pekee ya vitabu vya watoto vinavyouzwa sana, kwa kuwa vitabu vya Harry Potter vilikuwa vimekalia nafasi za juu za orodha ya riwaya na wachapishaji wengine wakawa wananung'unika.

Kwetu mambo ni tofauti. Maduka mengi ya Kampala ni madogo; kinachofika katoni moja hupangwa rafu moja, na vya mitumba vinavyotandazwa soko la Owino havina hata rafu. Majalada mawili yaliyotengenezwa ili yasikutane yanalala bega kwa bega, na mteja anabaki kujiuliza kwa nini mapacha wamevaa nguo tofauti. Ndicho kilichokupata.

Ukijua kitabu kinavyoundwa, hofu inapungua zaidi. Kitabu cha jalada laini kina mwili na ngozi. Kurasa hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa, zikakunjwa, zikapangwa kwa mfuatano, kisha upande wa mgongo ukakwanguliwa na kupakwa gundi ya moto. Jalada ni karatasi moja nzito iliyochapwa peke yake. Hubandikwa juu ya gundi hiyo, halafu kitabu kinakatwa pande tatu ili kingo zilingane. Kubadilisha sura ya nje, basi, hakuhitaji kugusa hata koma moja ya ndani. Ukipita Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa hapo Kampala, siku ya kazi utaona marundo ya majalada yanayosubiri miili yake, na utaelewa mara moja ninachosema.

Unataka kuhakikisha kwa macho yako? Utakapofika dukani tena, omba vyote viwili. Hesabu sura: zote 17, pande zote mbili. Kisha fungua mwisho wa sura ya kwanza katika kila kimoja, weka kidole kwenye mstari wa mwisho, linganisha. Fanya hivyo na sura nyingine yoyote unayoishuku. Usishtuke nambari za kurasa zisipolingana, maana herufi zinaweza kupangwa upya, kubwa kidogo au ndogo kidogo, na kitabu kikanenepa au kukonda bila neno kupungua. Wateja wengi hukamata kile chembamba wakasema hiki kimefupishwa. Wembamba hausemi lolote.

Tofauti ndogo za maneno zipo, ila zinafuata chapa, yaani ni mara ya ngapi kitabu kimepigwa. Katika chapa ya kwanza ya 1997, orodha ya vifaa vya shule inataja fimbo ya uchawi mara mbili, kosa lililorekebishwa baadaye. Wakusanyaji wa vitabu vya kale wanalitafuta kosa hilo kwa pesa nyingi, lakini binti yako halimhusu.

Sasa kile cha Boston. Hicho kweli kina tofauti, na sababu yake ni bahari, haina uhusiano na umri. Marekani kitabu kilichapwa na Scholastic mwaka 1998, na wao waliona mtoto wa Kimarekani hatavutwa na mwanafalsafa kwenye jina la kitabu, wakaweka mchawi: Philosopher's Stone ikawa Sorcerer's Stone. Ndani walibadilisha tahajia na baadhi ya maneno ya Kiingereza cha Uingereza, kwa mfano mpira ukaitwa soccer badala ya football. Hadithi ni ile ile, na mwanzoni mwa kila sura kuna mchoro mdogo wa Mary GrandPré, ambao watoto huupenda. Binti yako anajifunza tahajia ya Uingereza shuleni, kwa hiyo mwambie mapema kwamba color bila u si kosa la mpiga chapa, lakini katika insha ya mwalimu wake litahesabiwa kosa.

Mpaka wa nchi unaweza kubadilisha hata yaliyomo. Riwaya ya The Amber Spyglass ya Philip Pullman, iliyotoka mwaka 2000, ilipunguzwa sentensi chache katika toleo la Marekani, pale msichana mhusika mkuu anapoanza kuhisi mwili wake unabadilika. Toleo la Uingereza lilibaki nazo. Kwa hiyo mzazi anayehofia maneno ya ndani atafaidika zaidi akiuliza kitabu kimechapwa nchi gani kuliko akiuliza jalada lake lina rangi gani.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Hapana, usiliamini jalada la watoto. Umeliogopa jalada jeusi bure, na hatari yako iko upande wa pili, pale ambapo mchoro mzuri unakutuliza ukalipa bila kufungua.

Chukua The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mark Haddon. Mwaka 2003 ilitoka Uingereza kwa wakati mmoja katika nembo mbili, yaani chini ya majina mawili ya uchapishaji: Jonathan Cape kwa wakubwa, David Fickling Books kwa vijana. Maandishi yale yale. Ni hadithi ya mvulana wa miaka 15 ambaye akili yake inafanya kazi kwa namna yake, na anaandika kila alichosikia kama alivyokisikia, matusi ya wakubwa yakiwemo, tena mazito. Kitabu kizuri mno. Mimi ningempa kijana wako wa S3 kesho. Lakini mzazi atakayemnunulia mtoto wa P5 kwa sababu nembo ni ya vijana na jalada lina mbwa, atakuja kunitafuta.

The Book Thief ya Markus Zusak ilitoka Australia mwaka 2005 kama riwaya ya watu wazima, na mwaka uliofuata Marekani ikatolewa na idara ya vijana. Msimulizi wake ni Mauti mwenyewe, na mahali ni Ujerumani ya Hitler. Nani aliamua ni ya vijana? Wachapishaji. Nao The Boy in the Striped Pyjamas wa John Boyne, wa mwaka 2006, ulikuja na maelezo ya nyuma ya jalada yaliyotahadharisha kwamba ingawa mhusika ana miaka tisa, hiki si kitabu cha watoto wa miaka tisa. Huo ulikuwa uungwana wa nadra, na nadhani wazazi wengi hawakugeuza kitabu wakausoma.

Utasema, basi niangalie nambari ya umri nyuma. Mwaka 2008 wachapishaji wa Uingereza walikusudia kuchapa umri kwenye vitabu vya watoto, 5+, 7+, 9+ na kuendelea, na waandishi wengi, Pullman akiwa mstari wa mbele, wakapinga kwa nguvu. Hoja yao moja naikubali kabisa: mtoto wa miaka 12 anayesoma polepole ataaibika kushika kilichoandikwa 7+, na ataacha kusoma. Kwetu kuna jambo la ziada. Nambari hizo hukadiriwa kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza. Mtoto wa Jinja anayeongea Kilusoga kwa bibi, Kiswahili nyumbani na Kiingereza darasani anaweza kukomaa kwa mambo ya hadithi kabla hajaimudu lugha yake, au kinyume chake. Nambari moja haiwezi kupima vyote viwili.

Kuna aina ya tatu, ambayo muuzaji wako hakuitaja, na hapo ndipo maandishi hubadilishwa kweli. Haya ni matoleo yaliyoandikwa upya kwa wasomaji wadogo. Mfano wa karibu nasi ni William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyejenga kinu cha upepo kutokana na vyuma chakavu baada ya njaa kumtoa shuleni. Kitabu chake The Boy Who Harnessed the Wind kilitoka 2009 kwa watu wazima. 2012 kikawa kitabu cha picha. 2015 kikatoka toleo la vijana. Jina ni lile lile kwenye vyote vitatu, na maandishi matatu tofauti. Cha Trevor Noah, Born a Crime cha 2016, nacho kina toleo la vijana la 2019 ambalo ni laini zaidi. Hapo ndipo ungepaswa kuuliza swali lile uliloliuliza kuhusu Harry Potter, na hapo muuzaji anayesema ni kitabu kile kile atakuwa amekosea.

Utavitambuaje? Tafuta juu ya jalada au ukurasa wa jina maneno Young Readers Edition, Adapted, Abridged au Retold. Ukiona mojawapo, maandishi yamepunguzwa au yameandikwa upya. Usipoyaona, geuza ukurasa wa jina utazame nyuma yake, kwenye herufi ndogo za hakimiliki ambazo watu huziruka. Hapo pana mwaka wa kwanza wa kuchapwa, nchi, na mara nyingi safu ya tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4. Ndogo kabisa iliyobaki ndiyo chapa uliyoishika, kwa hiyo hiyo ni ya nne. Hapo pia pana ISBN, nambari ya tarakimu 13. Jalada la watoto na la wakubwa huwa na ISBN mbili hata kama ndani ni pacha, kwa sababu nambari hiyo hutambulisha bidhaa ili duka liagize kwa usahihi. Usiichukue kama ushahidi kwamba hadithi ni tofauti. Kwa vitabu vya Kiingereza mara nyingi utaona 978 ikifuatwa na 0 au 1. Vilivyosajiliwa hapa Uganda hufuatwa na 9970 au 9913.

Niseme neno moja kuhusu nakala za wizi, kwa kuwa nazo huuzwa kwa jina la toleo la bei nafuu. Mchapo wake una kijivu, mistari imelala upande, rangi za jalada zimefifia kama picha iliyopigwa picha, na wakati mwingine kurasa kumi na sita za katikati hazipo kabisa. ISBN haitakusaidia, maana nayo imenakiliwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inakataza, lakini hata ukiacha sheria, mtoto aliyefika ukurasa wa 160 akakuta unaofuata ni wa 177 hatakusamehe.

Kuhusu uchawi, ambao hukuutaja ila barua nyingi za wazazi huutaja: upo katika majalada yote, sawasawa. Kama nyumbani kwenu hilo ni jambo la dini, hakuna toleo litakalolitatua, na uamuzi ni wako na baba yao. Fahamu pia kwamba mfululizo una vitabu saba, na unakua pamoja na msomaji. Cha kwanza ni chepesi. Kuanzia cha nne, cha mwaka 2000, mwanafunzi anauawa, vitabu vinanenepa, na giza linaongezeka hadi cha mwisho cha 2007. Anayeanza P6 hana haja ya kuvimaliza vyote kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Sasa kipi? Kwa binti, usinunue kitu. Mpe cha Boston. Kabla ya hapo mwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti, popote katikati, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu bado ni kizito. Msome pamoja jioni, au kisubiri likizo ijayo. Vikikunjwa viwili au vitatu, mwache aende zake.

Kwa kaka yake, mnunulie cheusi. Najua inaonekana ni kumdekeza, lakini mvulana wa umri huo huacha kusoma kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na bweni halina huruma. Jalada la wakubwa mara nyingi huwa ghali kidogo. Tofauti ikikuuma, chukua la mchoro ulifunike kwa karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, nalo litadumu zaidi. Angalia pia ukubwa wa herufi. Taa za bwenini huzimwa mapema, na herufi ndogo chini ya tochi ni mateso.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa nilipo. Ikiwa mmoja wao hukisogeza kitabu karibu na pua, huruka mistari au hulalamika kichwa kinauma baada ya kurasa chache, usibadilishe kitabu. Mpeleke akapimwe macho, hospitali ya hapo Jinja au idara ya macho ya Mengo ukiwa Kampala. Macho yakiwa mazima na bado anapambana na kila mstari, kaa na mwalimu wake wa darasa uso kwa uso. La pili ni msiba. Hadithi hii inaanza na mtoto ambaye wazazi wake wameuawa. Kama kuna aliyefiwa hivi karibuni ndani ya nyumba, kisome wewe kwanza, na kama unaona bado ana jeraha, zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha wa shule kabla ya kumpa.

Vitabu vinavyofuata havitakusumbua kama hiki. Ni cha kwanza pekee kilichobadilishwa jina Marekani. Kuanzia cha pili, Chamber of Secrets, majina ni yale yale pande zote, kwa hiyo wakimaliza wanaweza kuchangia nakala moja, iwe ya London au ya Boston. Mwachie kaka achague jalada, maana binti, kwa ulivyonieleza, atasoma hata kisicho na jalada.